Nazmiye na majirani wanaomwibia wageni

SAA moja na robo asubuhi. Nazmiye Körükçü amepiga magoti mbele ya jiko la chuma lililo katikati ya sebule yake, anachokonoa majivu ya jana huku akilisemesha.

"Haya, amka basi. Usinitie aibu mbele ya mgeni," analiambia.

Anapanga vijiti vya mzeituni, anatia maganda makavu ya chungwa, anawasha kiberiti. Baada ya dakika tatu jiko linaguruma, na juu ya paa bomba linaanza kutoa moshi mweupe. Nazmiye anainuka huku akishika kiuno, anakwenda dirishani, anatazama upande wa kilimani kwa muda, halafu ndipo anakaa kunywa chai.

Nje mvua inanyesha tangu juzi. Ufukweni viti vya plastiki vimerundikwa na kufungwa kamba, na miavuli imevuliwa vitambaa ikabaki milingoti mitupu. Julai hapa Bademlibük, kijiji cha pwani ya Uturuki, hupati pa kutandika taulo. Leo, Ijumaa ya pili ya Februari, kijiji kina watu mia moja na kumi na wawili pamoja na imamu, na paka ambao hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu.

Ng'ambo ya uchochoro, pazia la dirisha la jirani linasogea kidogo, kisha linarudi mahali pake.

"Yule ni Hacer," Nazmiye anasema bila hata kugeuka. "Anachungulia kama mgeni wangu bado yupo. Mwizi mkubwa yule!"

Mgeni mwenyewe ni mimi. Na kweli, nilishaibiwa mara moja.

Nazmiye ana miaka 61. Ni mfupi, mchangamfu, mwenye mikono migumu ya mtu aliyefua mashuka ya watu kwa miaka thelathini. Nyumba yake ya wageni ina vyumba sita, alivyovijenga marehemu mumewe, Salim, kimoja kimoja, kila mwaka ambao zeituni zilikubali. Kiangazi chumba ni lira 3,000 kwa usiku na bado anawarudisha watu. Majira ya baridi anashusha hadi lira 1,000 pamoja na kifungua kinywa, anaacha vyumba vitatu wazi, na ndiye pekee kijijini asiyefunga.

"Nifunge nifanye nini?" anauliza. "Mwaka aliofariki Salim nilifunga. Ukungu ukapanda ukutani, na mimi nikaanza kubishana na redio. Ilipofika Machi nilikuwa namjua msoma taarifa ya habari kuliko ndugu zangu."

Lakini msimu huu hafungui vyumba kwa kujifurahisha tu. Kuna sharti juu yake, na aliyeliweka ni mwanawe wa pekee, Tuncay, fundi wa viyoyozi mwenye umri wa miaka 36 anayeishi Izmir na mkewe na binti yao.

Januari ya mwaka jana Nazmiye aliteleza kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba, mikononi ana kuni. Kifundo cha mguu kikavunjika. Alilala pale kwenye mvua tangu asubuhi hadi karibu adhuhuri, mpaka muuza mitungi ya gesi alipofika na kusikia mtu anatukana jiwe.

"Saa nne nzima, dada yangu! Mama yangu alilala juu ya jiwe saa nne, na hakuna binadamu aliyejua," Tuncay aliniambia kwa simu kabla sijafunga safari. "Sasa nifanyeje? Nimwache tena?"

Mama na mwana walivutana kiangazi kizima. Mwishowe wakapatana hivi: mti wa lozi ulio getini pa Nazmiye ukichanua kabla wageni kumi hawajalala nyumbani kwake na kulipa, basi nyumba itafungwa kila majira ya baridi na mama atahamia Izmir, ghorofa ya nne. Wakitimia kumi, Tuncay hatalizungumza tena. Ndugu hahesabiwi, wala mwanakijiji.

"Alidhani sitapata hata wawili," Nazmiye anasema. "Na kweli nusura nisipate. Ila si kwa sababu hawakuja!"

Hapo ndipo lilipo balaa lake. Katika kijiji hiki, mtu akitokea majira haya, amelowa, hana mwenyeji, huyo ni mgeni wa Mungu. Mgeni wa Mungu hulishwa, hutandikiwa godoro zuri kuliko yote ndani ya nyumba, na hatozwi hata senti. Kumtoza ni aibu ambayo watu wataisimulia mpaka kwa wajukuu. Na kwa kuwa wakati wa baridi wageni ni haba, kila nyumba inawatamani.

Mwezi Desemba pekee walishuka wageni wanne. Kutoka kituo cha basi dogo hadi getini kwa Nazmiye ni hatua mia mbili, na hakufika hata mmoja. Mpiga picha alilala kwa imamu siku tatu. Wanafunzi wawili walikwenda kwa Mzee Rüştü, mwenye mkahawa wa chai pale kilimani. Na hakimu mstaafu kutoka Ankara, aliyeuliza kabisa njia ya nyumba ya wageni, alijibiwa na Hacer, "Nyumba ya wageni, kwenye baridi hii? Una wazimu? Njoo kwangu, supu iko motoni."

Nazmiye aligundua alipoona soksi za kiume zimeanikwa kwenye kamba ya Hacer.

"Hacer amekuwa mjane miaka kumi na mitano," anasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Nikasema moyoni, ama shoga yangu amepata mchumba, ama mimi nimeibiwa tena. Nikatamani awe mchumba."

Januari ilipoanza bila mgeni hata mmoja, alipanda mkahawani kwa Rüştü, akawakuta wamejaa kuzunguka jiko, akapiga meza mpaka istikani zikaruka. Akawaambia habari ya sharti, kwa mara ya kwanza. Kama wanataka aende Izmir akapande na kushuka lifti hadi kufa, waendelee na ukarimu wao.

Hacer ndiye aliyeanza kulia, tena kwa sauti. Tangu utotoni nyumba zao zinatazamana.

Toka siku hiyo kijiji kiligeuka. Fundi wa nguzo za umeme alisindikizwa na watu sita mpaka mlangoni, mithili ya bwana harusi. Waendesha baiskeli wawili Wajerumani, waliotaka tu kujua njia ya Marmaris, walijikuta wanakunywa chai sebuleni kwa Nazmiye. Wanandoa wa Bursa walikuja wamenuniana, wakalala, wakaondoka wameshikana mikono. Wengine watatu wakafuata. Rüştü naye akajaribu kumleta binamu yake, amemvalisha miwani myeusi na kumbebesha sanduku lililojaa magazeti.

"Binamu yake mwenyewe!" Nazmiye anasema. "Nilikuwepo alipotahiriwa. Nikamwambia, Nejat, vua miwani, kula, nenda nyumbani kwako."

Kila mgeni wa halali huokota kokoto moja ufukweni na kuliweka juu ya kizingiti cha dirisha la sebule. Nilipofika Jumatano kokoto zilikuwa nane. Mimi ningekuwa wa tisa usiku uleule, lau si Hacer.

Nimeishi kwenye pwani hii miaka kumi na minne. Nimeolewa hapa, nimezalia hapa. Nilipaswa kujua. Nilishuka kwenye basi dogo nikiwa na anwani ya Nazmiye mkononi, na mwanamke mnene mwenye mwavuli akanizuia njiani.

"Unakwenda wapi, mwanangu, umelowa hivyo?"

"Kwa mama Nazmiye."

"Utakwenda, nani amekukataza? Kunywa supu kwanza."

Supu ikazaa wali, wali ukazaa samaki, samaki akazaa chai, na chai ikazaa godoro. Alhamisi asubuhi nilikuwa bado nipo, ninamenyewa chungwa, mlango ulipofunguka kwa kishindo. Nazmiye alikuwa ameona viatu vigeni kizingitini.

"Hacer! Nirudishie mgeni wangu!"

"Mgeni gani? Huyu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako anaitwa nani?"

Hacer akanitazama. Mgeni wa Mungu haulizwi jina, na kweli hakuwa ameniuliza. "Anaitwa mwanangu," akasema.

"Haya, mwanangu, chukua begi lako twende."

"Nilisahau, Nazmiye, haki ya Mungu! Nilimwona amelowa, akili ikaruka. Lakini ngoja amalizie chungwa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kuweka kokoto langu Alhamisi jioni. Tisa. Akabaki mmoja tu.

Na mti wa lozi hausubiri mtu. Ijumaa hiyo ninamkuta Mzee Rüştü, mwenye miaka 74 na pumu inayosikika kabla yake mwenyewe, yuko juu ya ngazi anaufunika mti kwa magunia ya zeituni. Anasema anaukinga na baridi. Hacer yuko chini anapokea maua matatu yaliyowahi kufunguka na kuyatumbukiza mfukoni mwa aproni.

"Mnamdanganya nani nyie?" Nazmiye anawapigia kelele kutoka dirishani. "Tuncay amekulia juu ya mti huo!"

"Tunaupogoa!" Hacer anajibu.

"Mwezi huu? Kwa magunia?"

Jumamosi basi dogo linaleta mikate, dawa za imamu na gurudumu la trekta. Mgeni hakuna. Saa tisa alasiri linafika gari la Tuncay.

Nilikuja nimejiandaa kumchukia, lakini si mtu wa kuchukiwa. Amemletea mama blanketi jipya, dawa ya magoti na picha aliyochora mjukuu. Amembusu mkono akauweka kwenye paji lake, kama inavyopasa. Kwenye buti la gari pia kuna sanduku kubwa, tupu. Amesimama getini akayatazama magunia, akafunua moja. Tawi zima limechanua, jeupe.

Ameingia ndani akahesabu kokoto kwa kidole.

"Mama, ni tisa."

"Naona."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, mwanangu. Kaa ule kwanza."

Baada ya chakula Nazmiye akaanza kutoa nguo kabatini na kuzikunja. Hakulalamika. Alikunja sweta moja mara nne, akalikunjua, akaanza upya. Nilishindwa kukaa mle chumbani, nikatoka nje kutazama bahari, na sioni haya kusema nililia kidogo.

Chumba alichokulia Tuncay ndicho nilicholala mimi, na vile viwili vingine vilivyo wazi vilikuwa na baridi kali, kwa hiyo alitandikiwa kwenye kochi la sebuleni, kando ya jiko.

Jumapili naamka saa mbili kasoro dakika kumi, nyumba imekuwa barafu. Nazmiye yuko jikoni amejifunika shali, birika liko juu ya gesi. Anaweka kidole mdomoni kunionya ninyamaze. Jiko la sebuleni, ananong'ona, likichokonolewa linapiga kelele za kuamsha wafu, na mwanawe ameendesha gari kutwa nzima. Kwa siku moja acha alale. Tangu aanguke, asubuhi zote za baridi alizokuwa nyumbani, hii ndiyo ya kwanza asiyowasha jiko.

Hatujamaliza istikani ya kwanza. Mlango wa sebuleni unafunguka mpaka unagonga ukuta, na ndani anaingia Hacer, na gauni la kulalia, mabuti ya mvua, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, mkononi kashika mpini wa koleo. Nyuma yake Mzee Rüştü anahema, na funguo kumi kwenye pete moja.

"Nazmiye! Nazmiye! Yuko wapi? Yuko ngazini?" Hacer anapiga kelele.

Tuncay anaruka kutoka kwenye kochi akiwa na suruali ya ndani tu, anavuta blanketi jipya.

"Nini? Kuna moto?"

"Hakuna moto, ndiyo maana tumekuja! Mama yako yuko wapi?"

"Niko hapa," Nazmiye anasema mlangoni, birika mkononi. "Mmepatwa na nini?"

Hacer anamtazama juu mpaka chini, anamgusa mabega, anamgusa mguu ule uliovunjika. Halafu anajibwaga kitini na kuanza kumtukana. Mwanamke gani asiyewasha jiko! Ameruka ukuta, ameacha maziwa motoni, moyo karibu umtoke!

"Shangazi," Tuncay anasema polepole, "umejuaje kuwa jiko halijawashwa?"

"Nimejuaje? Kwa bomba! Siku ile alipoanguka mimi nilikuwa kwa binti yangu Marmaris. Ningekuwepo, asingelala kwenye jiwe dakika kumi. Tangu hapo kila siku nasimama dirishani. Moshi ukifika saa mbili kasoro robo haujatoka, nakuja. Nilimwambia Rüştü aniwekee ufunguo wa akiba wa nyumba hii, na leo nimempigia simu aje nao."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kwani wewe huko Izmir unajua mama yako ameamka saa ngapi?"

Tuncay anakaa kwenye ukingo wa kochi, blanketi mabegani, anatazama mpini wa koleo, anatazama mabuti, ambayo kwa haraka Hacer ameyavaa la kulia kushoto na la kushoto kulia. Mabega yanaanza kumtikisika. Nadhani anacheka, kumbe analia, halafu anafanya yote mawili.

"Mama, ulijua?"

"Nilidhani anachungulia wageni!"

Tuncay anavaa suruali na koti, anatoka nje. Tunamwona kwa dirisha anashuka ufukweni, anainama, anachagua, anatupa, anachagua tena. Anarudi amelowa, anaweka kokoto la kumi kwenye kizingiti.

"Ndugu hahesabiwi," Nazmiye anamkumbusha.

"Sharti niliweka mimi, nalivunja mimi. Mimi sikutaka wageni kumi, mama. Nilitaka mtu mmoja atakayejua ukianguka."

Kisha akatoa noti za lira elfu moja na kumnyooshea. Na hapo, wapendwa wasomaji, mambo nusura yaharibike. Nazmiye alirudisha mikono nyuma. Pesa ya mwanawe? Mtu aliyefika na mvua, akala, akalala? Toba! Wakati huo uchochoro ulikuwa umeshajaa watu waliomwona Hacer akiruka ukuta, na watu hao, ambao hawajawahi maishani kumwacha mgeni alipe hata chai, walianza kupiga kelele kwa pamoja:

"Chukua! Nazmiye, chukua! Chukua, mwanamke!"

Hakuchukua. Hacer alizinyakua mkononi mwa Tuncay, akazitia kwenye mtungi wa maua juu ya meza, akauziba mdomo kwa kiganja.

"Amelipa," akatangaza.

Saa sita mchana Tuncay aliondoka na sanduku lake tupu. Si tupu kabisa, maana lilikuwa na zeituni, jibini, mikate minne na asali ya Rüştü. Gari lilipoanza kusogea, Nazmiye alimwagia maji nyuma yake kwa jagi, ili aende salama na arudi salama. Magunia yaliondolewa kwenye mti. Ulikuwa umechanua wote.

Jumatatu, kabla sijapanda basi, namuuliza mipango yake. Anasema majira ya baridi yajayo atafungua chumba cha nne, na amekwishapata mfanyakazi wa kwanza katika maisha yake: Hacer.

"Mshahara wake ni kupika na kusimama kituoni," anasema. "Mkono wake hauwezi kuacha kukamata watu, basi awakamate awalete huku. Supu wanywe kwangu."

"Na nitawauliza majina," Hacer anaongeza kutoka jikoni, kwa unyonge.

Namuuliza Nazmiye kama kweli juzi, alipokuwa akikunja nguo, alikuwa tayari kuondoka. Anainuka. Jiko limeshawaka. Anakwenda dirishani kama anavyofanya kila asubuhi, anatazama kilimani, kwenye paa la mkahawa. Anangoja. Namkumbuka Rüştü na pumu yake, anayelala peke yake kule juu, na ndipo ninapoelewa anachokitazama.

"Sikuwa na wasiwasi na vyumba," anasema hatimaye. "Vyumba vina kufuli. Nilikuwa nakunja nguo najiuliza, nikienda, huyu mzee moshi wake atautazama nani?"

Kule kilimani bomba linakohoa mara moja, mara mbili, kisha moshi unatoka. Nazmiye anakaa chini na kumimina chai.